Maharagwe Yasiyooza ya Baba Sylvia

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa! Murunga, andika vizuri, wajukuu watasoma: siku kubwa.

Mzee Mahamud, mwenye yadi ya malori ninakofanya kazi ya ukarani, alituita sote getini asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya Eldoret mwezi huu. Mzee akasema amechoka kusikia watu wake wamelala njaa kila lori likiharibika njia ya Lodwar. Madereva Wasomali hubeba nyirinyiri kutoka kwa mama zao, ile nyama ya vipande vidogo inayokaa ndani ya kopo miezi mingi bila friji. Wengine wote hubeba matumaini. Sasa anataka chakula cha safari, cha kila mtu. Kifike Kakuma na kurudi bila kuoza na bila kumwendesha mtu tumbo. Atakayekileta atapewa kibanda kipya kinachojengwa pale getini. Bure! Mabati juu, simiti chini, bomba la maji ndani.

Nikamtazama mke wangu, Tryphosa, ng'ambo ya geti. Anauza chai na maharagwe chini ya mwavuli uliovunjika mbavu. Maji ya mvua yalikuwa yanataka kuingia kwenye sufuria, naye ameinama kuyakinga kwa mgongo wake. Niliona uchungu. Kisha nikaona njia.

Salim, dereva wetu wa siku nyingi, alikuwa ndani ya lori akila nyirinyiri yake. Ya tangu kabla ya Pasaka. Nilinusa kopo. Harufu ya peponi! Nikamuuliza siri yake ni nini. Akaanza: unachukua nyama, unatia chumvi... Nikaondoka mbio. Alikuwa bado anaongea, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Chumvi! Basi, ni hiyo tu. Na nyama ya nini, wakati nyumba yangu imejaa maharagwe?

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia Tryphosa kwamba suala la kibanda aniachie mimi. Akasema kazi yangu ni kuandika namba za malori na yake ni kupika, na kwamba nikikaribia sufuria zake atahamia kwao Kimilili. Sawa. Nabii hana heshima nyumbani kwake. Nitafanya siri, halafu siku ya siku nimkabidhi ufunguo wa kibanda mbele ya watu. Atalia. Nitamkopesha leso.

Leo Tryphosa alitoka asubuhi, akasema anaenda kwa Mama Shamsa, mke wa Mzee, ambaye pia anakaa huku kwetu Kapsoya. Akakaa huko mchana kutwa. Wanawake na porojo! Nikaomba ruhusa kazini kwa sababu ya jino (jino lipo, sikudanganya) nikapata nyumba peke yangu.

Nilichemsha maharagwe hadi yakasalimu amri. Nilichemsha tena, kwa usalama. Hakuna mdudu wa dunia hii anayeweza kuoga maji yale akabaki hai. Kisha chumvi: konzi moja kubwa. Moto umeua, chumvi italinda. Mpango wa kijeshi. Nikamimina yote, na supu yake, ndani ya ndoo nyeupe ya mafuta ya kupikia. Nikafunga mfuniko ukalia ta!

Ndoo iko mvunguni mwa kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Tryphosa mgongo unamsumbua, kwa hivyo pako salama. Usiku wa huku una baridi kali, na sitaki maharagwe yapate mshtuko. Nimeyafunika na blanketi ya wageni, na jiko la makaa nimelisogeza karibu. Joto kidogo, yastarehe.

Alhamisi, 7 Agosti

Okello ni mtu mbaya. Huyu ndiye anayeuza chapati ng'ambo ya pili ya geti, chini ya hema lake la bluu ambalo anajivunia kama jumba. Leo nimemkuta akikaanga chapati ngumu ajabu, unaweza kuziba nazo pancha. Za safari, akasema. Mshindani!

Nikatumia akili. Nikamnong'oneza kama rafiki kwamba daktari amemkataza Mzee unga wa ngano, hataki hata kuuona. Okello akanishukuru sana. Akasema anashangaa tu, kwa sababu Mzee ametoka hapo sasa hivi akila ya tatu.

Jioni nikakagua ndoo. Kuna harufu. Si mbaya. Harufu ya mtu aliyevua viatu chumba cha pili. Maana yake ni moja: chumvi haikutosha. Nimeongeza pakiti nzima juu, kama theluji. Sikukoroga, kwa sababu kukoroga kunaingiza hewa, na hewa ndiyo adui. Sijui nilisikia wapi, lakini ni kweli.

Tryphosa ananuka moshi wa nyama. Nimemuuliza kulikoni, akasema kila mtu na siri yake. Mimi? Siri? Nikakohoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimepata ushauri wa kitaalamu. Siukubali.

Shamsa, bintiye Mzee, anafanya kazi katika maabara ya kupima vyakula hapa mjini. Ijumaa huja yadi kula na baba yake. Nilimngoja karibu na tangi la dizeli, nikamwambia nina rafiki huko Yamumbi ambaye amechemsha maharagwe, akatia chumvi, akafunga kwenye ndoo. Anataka tu kujua kama yuko njia nzuri.

Shamsa akauliza kama rafiki yangu ameyaweka kwenye baridi. Nikasema hapana, ana huruma, ameyafunika na blanketi.

Halafu akaanza somo. Kuna bakteria, akasema, ambao wakiona hali ni ngumu hujifungia ndani ya ganda gumu, wakawa kitu kinachoitwa spora. Ni kama mbegu. Haili, haikui, imelala tu. Wako udongoni, kwa hivyo wako kwenye maharagwe, kwenye mchele, kila mahali. Ukichemsha sufuria unaua wale walio macho. Waliolala ndani ya ganda wanakungoja umalize. Chakula kikipoa na kubaki vuguvugu, chenye maji mengi, zile mbegu zinachipuka na ukoo mpya unaanza. Wengine hawataki hewa kabisa, kwa hivyo ndoo iliyofungwa ni harusi kwao.

Na chumvi? Nikauliza kwa niaba ya Yamumbi.

Chumvi inawachelewesha, akasema. Kidogo inawafanya wazembe tu. Ukitaka kuwazuia kweli, weka karibu kijiko kimoja kwa kila vijiko kumi vya maji, na iingie kila mahali sawasawa. Hata hapo hujawaua, umewazuia tu kukua.

Basi, nikasema, rafiki yangu ataweka hiyo yote, na mtu akitaka kula anasuuza kwanza kwa maji! Wazo lilinijia hapohapo. Nilijisikia kama mwenzake wa maabara.

Shamsa akashika ukuta akicheka. "Baba Sylvia, ukiosha chumvi umewafungulia mlango. Ukiiacha, hakuna mtu atameza. Chumvi yenye inamshinda huyo mdudu inamshinda pia customer."

Akaniambia nimwambie rafiki yangu amwage, ayachimbie shimo, na asionje hata ncha ya kidole, kwa sababu sumu ya wengine haina harufu wala rangi.

Nimefikiria sana. Shamsa ni msichana mzuri, lakini amesoma hadi akaogopa maharagwe. Isitoshe, alikuwa anazungumzia ndoo ya Yamumbi. Yangu iko Kapsoya.

Jumapili, 10 Agosti

Ajabu! Muujiza! Baada ya ibada nimeinama mvunguni nikakuta mfuniko wa ndoo umepanda. Ulikuwa bapa, sasa una kitambi. Chakula kibovu hunywea, kila mtu anajua, angalia nyanya. Changu kimenawiri! Chumvi imeshika, inasukuma ubovu nje. Nimefurahi hadi nikaimba ubeti wa wimbo wa leo peke yangu chumbani.

Ila mfuniko ukizidi kupanda utagusa mbao za kitanda. Nimeivuta ndoo nje nikaikalia kidogo. Ilinguruma chini yangu. Nikapata kamba ya turubai, ile nene ya malori, nikaifunga ndoo juu chini, kushoto kulia. Sasa imetulia. Inaonekana kama mzigo wa heshima.

Tryphosa anauliza blanketi ya wageni iko wapi. Nikasema kwani tuna wageni?

Yeye naye ana vituko. Ametandaza waya juu ya jiko la jikoni na kuanika vipande vya nyama, vyembamba kama mikanda, na pembeni omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Nyumba nzima inanuka moshi, jambo ambalo limenisaidia. Jana alivikata vile vilivyokauka akavikaanga polepole sana huku ameinamisha sikio kwenye sufuria, kama anayesikiliza redio. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema anasikiliza maji. Mafuta yakipiga kelele, maji bado yamo. Yakinyamaza, yameisha.

Maskini. Mwavuli umemchanganya. Nitamletea hicho kibanda hata kama itanibidi nikae juu ya ndoo hii wiki nzima.

Jumatatu, 11 Agosti

Ndoo imeanza kutoa sauti. Bluup. Kimya. Bluup. Tryphosa anasema ni panya. Ameazima paka wa jirani. Paka ameingia mvunguni kwa mikogo, akatoka bila mikogo, na sasa amekaa juu ya kabati na hataki kushuka.

Keshokutwa Mzee anapokea vyakula. Nimepiga pasi suti yangu ya harusi.

Jumatano, 13 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwa boda boda.

Asubuhi nilimngoja Tryphosa atangulie, halafu nikapanda boda boda na ndoo yangu mapajani, suti mwilini. Kila tuta tulilopita, ndoo ilijibu. Yule wa boda akauliza kama nimebeba kitu chenye uhai. Nikamwambia ni chakula. Akapunguza mwendo, kisha akafungua kioo cha helmeti yake ili apate hewa.

Yadi ilikuwa imejaa. Mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, Shamsa pembeni yake na glavu za kazi, madereva wamezunguka. Okello ameleta mnara wa chapati. Na nani mwingine nimemkuta pale mezani, amejifunga kanga safi, mbele yake makopo mazuri yamepangwa? Tryphosa! Mke wangu! Mshindani wangu!

Naye alivyoniona na ndoo iliyofungwa kamba ya turubai, na blanketi ya wageni juu yake, alifunga macho.

Mzee akahesabu waliokuja. Akasema kwa upole kwamba nyumba moja haiwezi kuleta vyakula viwili, watu watasema karani wake amependelewa. Nyumba ya Murunga ichague: makopo ya mama au ndoo ya baba.

Hapa ndipo mtu huonyesha uanaume wake. Tryphosa alinitazama. Alikuwa ameshika kopo moja kwa mikono miwili, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa moshi wa siku zote zile. Ningeweza kuona. Niliona, hata. Lakini nilikuwa nimeshavaa suti.

Nikasema: ndoo.

Tryphosa akayarudisha makopo kwenye kiondo, moja baada ya lingine, taratibu. Okello alianza kutabasamu akitazama kibanda kipya, kana kwamba anapima mahali pa kuweka jiko lake. Nikatoa hotuba fupi kuhusu nguvu ya chumvi. Shamsa akasimama ghafla, akauliza kama hii ndiyo ile ya Yamumbi. Nikajifanya sikusikia. Akapiga kelele nisiifungue. Nilikuwa nimeshafungua fundo.

Sikufungua mfuniko. Ulijifungua wenyewe.

Ulipaa! Naapa uliipita taa ya geti. Ulishuka juu ya hema la bluu la Okello, ukabingirika, ukaangukia karai la mafuta. Nyuma yake ikaja supu. Ilikuja juu kwanza, kama bomba la maji la kanjo likipasuka, kisha ikaja kwangu. Suti, shati, sikio. Na harufu! Siwezi kuiandika, kurasa zitakataa. Madereva waliowahi kulala na ng'ombe kwenye lori siku nzima walikimbia. Mzee akajifunika pua na ncha ya shali, akarudi nyuma na kiti chake bado kimemshika makalio.

Shamsa peke yake ndiye aliyesogea mbele. Akamfukuza kila mtu mbali, akaagiza Okello amwage mafuta yake yote. Akaniambia nisijipanguse mdomo na mkono, nisilambe chochote, nikasimame bombani nioge na suti yangu hivyohivyo. Nikasimama. Maji ya Eldoret mwezi wa nane! Kutoka pale bombani nilimsikia Salim akiwaeleza wenzake, kwa sauti ya mtu anayeshitaki:

"Aliniuliza siri, nikaanza na chumvi. Nikageuka kumwambia vile mama anakausha na kukaanga mpaka maji yaishe, jamaa hayuko. Ameenda na neno moja."

Mimi nilifikiri yameisha. Nilimwona Tryphosa amesimama na kiondo chake kwenye mvua iliyoanza tena, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze niliona aibu. Aibu ya kweli. Kibanda kilikuwa hatua chache kutoka kwake na mimi ndiye niliyemfungia mlango wake.

Okello, bila kuchelewa, akasema nyumba ya Murunga imeshachagua, sheria ni sheria, basi ashinde yeye.

Mzee akatafakari. Akamuuliza Shamsa kitu kimoja tu: kile kilichokuwa ndani ya ndoo, ni chakula?

Shamsa akatazama hema, akatazama ukuta, akanitazama mimi. "Baba, hicho si chakula. Hata mbwa simpei."

Basi, Mzee akasema, nyumba ya Murunga bado haijaleta chakula. Akamgeukia mke wangu. "Mama Sylvia, leta hayo makopo."

Nilipiga kelele za furaha bombani hadi maji yakaniingia puani.

Alhamisi, 14 Agosti

Nyumbani. Nina mafua. Suti imechomwa.

Nilingojea Tryphosa anigombeze. Jana jioni alikaa kitandani, akatazama mvunguni palipokuwa na ndoo, akatazama paka ambaye bado yuko kabatini, midomo ikaanza kumcheza. Halafu akacheka. Akacheka hadi akateremka sakafuni. Mimi pia nikacheka, kwa tahadhari. Akasema ile hotuba ya chumvi atamsimulia binti yetu Sylvia akirudi nyumbani, na kwamba hatahitaji kuongeza chochote, mume wake alishatia chumvi ya kutosha.

Kisha akaacha kucheka. "Baba Sylvia, mimi sikutaka maajabu. Nilitaka paa tu, nisimame nikipika kama binadamu."

Nikamwambia najua. Akasema hapana, sikujua, lakini sasa huenda najua. Tukanywa chai.

Akanieleza alivyofanya. Jumanne ile hakuwa kwenye porojo. Alikaa jikoni kwa Mama Shamsa hadi mwisho wa somo: nyama inakaushwa kwanza, inakaangwa hadi mafuta yanyamaze, inafunikwa na samli ndani ya kopo kavu. Chumvi ni ya ladha na ya kusaidia, akasema. Mlinzi mkuu ni ukavu. Bila maji, zile mbegu hulala tu. Nikamwambia hilo la mbegu nalijua, nimeshauriana na maabara. Akanitupia mto.

Shamsa aliagiza uchafu wote uchimbiwe nyuma ya yadi, na chokaa juu, na ndoo yenyewe. Nilichimba mimi, nimevaa glavu. Maharagwe nimezika. Ndoo nimeiosha na dawa ya Jik mara nyingi, iko nyuma ya pipa. Ndoo nzuri haizikwi.

Salim ameondoka leo kwenda Kakuma na kopo la Tryphosa la nyama, kopo lake la omena kavu na karanga, na mfuko wa chapati za Okello. Sasa ni kungoja.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamerudi! Lori liliharibika kabla ya Lokichar, Mungu ni mwema, kwa hivyo chakula kilijaribiwa kwelikweli.

Mzee alikagua mbele ya wote. Mfuko wa Okello ulifunguliwa kwanza. Chapati zilikuwa zimeota manyoya ya kijani, laini kama paka mdogo. Utingo mmoja wa Kitale aliuliza kama zinauma. Okello akasema ni joto la Turkana, si kosa lake, na kwa kweli chapati zake za moto hazina mpinzani. Hilo nililikubali kwa sauti. Mimi si mtu wa kinyongo, hasa nikiwa nimeshinda.

Kopo la omena lilikuwa tupu. La nyama halikuwa na kitu hata cha kukagua. Mzee akauliza itakuwaje apime chakula ambacho hakipo. Salim akasema yeye na wenzake wamekipima, wote wazima, na kopo alilifuta kwa kipande cha ugali, kisha kwa kidole. Shamsa akachukua kopo jingine ambalo Tryphosa aliliacha kwake tangu siku ile, akasema amelipima na hakuna kilichoamka.

Basi Mzee akatoa ufunguo. Nilikuwa nimepanga kuupokea mimi na kuukabidhi kwa maneno machache. Mzee akapita mbele ya mkono wangu ulionyooka, akampa Tryphosa.

Alilia. Leso sikuwa nayo. Okello ndiye aliyempa kitambaa, tena akamwomba kama anaweza kuegesha hema lake ubavuni mwa kibanda, mmoja auze cha safari, mwingine chapati za moto. Tryphosa akakubali. Mtu akiwa na furaha anakubali chochote.

Jumatatu, 25 Agosti

Kibanda kimefunguliwa! Mvua ilishuka saa sita kwa hasira zake zote, ikapiga mabati, na ndani hakuna tone. Tryphosa aliacha mwiko akasimama katikati ya simiti, uso juu, akisikiliza paa. Wateja walingoja na hakuna aliyelalamika. Nilimpenda sana wakati ule. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia atauliza nimevunja nini.

Maagizo ya makopo yamejaa. Mimi nasaidia jioni kufuta meza. Nimeapa mbele ya Tryphosa, Shamsa na Mzee: chumvi nimeachana nayo kabisa. Nimeelewa. Chumvi haitoshi. Mtu mzima hukubali akikosea.

Asali, je?

Hakuna hata mmoja wao aliyetaja asali! Salim aliniletea chupa kutoka Pokot, akasema asali haiozi. Aliendelea kusema kitu kingine, nadhani kuhusu kuchanganya na maji, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Juzi nilichukua viazi vitamu vilivyochemshwa na mayai, nikaviweka kwenye ile ndoo yangu nyeupe, nikamimina asali, na maji kidogo ili itoshe. Mvunguni nyumbani nimepigwa marufuku, kwa hivyo ndoo iko hapa kibandani, chini ya kaunta mpya, nyuma ya magunia, karibu na jiko ambako kuna joto zuri. Blanketi ya wageni nimeipata.

Itakuwa zawadi ya Tryphosa. Safari hii atalia, na leso ninayo.

Nimechungulia sasa hivi kabla ya kufunga. Mfuniko umeanza kupata kitambi kidogo. Asali inapumua! Nimeukalia.